Maharage au binzari: kipi kinajenga damu?

Safari hii tunaingia jikoni. Lakini usifunge gazeti ukidhani tunataka kukufundisha kupika pilau. Tunataka tupige hesabu kidogo, kwa sababu kuna watu wanapungukiwa damu huku wakidhani wamekula vizuri.

Kwenye klabu za afya mashuleni kuna swali moja halikosi. Swali lenyewe ni hili: kama binzari nyembamba ina madini ya chuma mara nane ya yale yaliyomo kwenye maharage, kwa nini kila siku mnatukazania maharage? Si afadhali mtu akoroge kijiko cha binzari kwenye maji ya moto, anywe, mambo yaishe?

Swali ni zuri, na aliyeuliza hakutunga. Namba hizo zipo kweli. Tatizo ni namna ya kuzisoma. Hebu tuzisome pamoja.

KWANZA, KWA NINI CHUMA?

Ndani ya damu yako kuna chembe nyekundu. Kazi yake ni kubeba hewa ya oksijeni kutoka kwenye mapafu na kuipeleka kila pembe ya mwili: kwenye misuli unapocheza mpira, kwenye ubongo unapofanya mtihani. Kinachobeba oksijeni ndani ya chembe hizo kinaitwa himoglobini, na himoglobini haitengenezwi bila madini ya chuma. Chuma kikipungua, himoglobini inapungua. Mtu anachoka bila kufanya kazi, moyo unakwenda mbio akipanda kilima kidogo tu, anasinzia darasani, mwalimu anamwita mvivu. Kumbe siyo uvivu, ni damu.

Na hili siyo jambo la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, karibu 45 walikuwa na upungufu wa damu. Siyo wote walikosa chuma, maana malaria, minyoo na selimundu nazo zinapunguza damu. Lakini kukosa chuma ni moja ya sababu kubwa.

Wasichana wako kwenye hatari zaidi. Katika hedhi moja ya kawaida mwanamke hupoteza damu mililita 30 hadi 40 hivi. Kila mililita moja ya damu ina takriban nusu miligramu ya chuma. Piga hesabu: ni kama miligramu 15 hadi 20 zinaondoka kila mwezi, na lazima zirudishwe. Hapo hatujahesabu chuma kingine kidogo ambacho mwili wa kila mtu hupoteza kila siku. Kaka zetu nao wasijione wamepona. Kijana anayerefuka na kujaza misuli anatengeneza damu mpya kila siku. Ndiyo maana wataalamu wa lishe wa Marekani wanashauri msichana wa miaka 14 hadi 18 apate chuma miligramu 15 kwa siku kutoka kwenye chakula, na mvulana wa umri huo miligramu 11.

NAMBA ZENYEWE

Tuchukue maharage makavu kabla hayajapikwa, gramu 100. Halafu tuchukue binzari nyembamba, ile ya kwenye pilau ambayo wengine huiita jira, nayo gramu 100. Majedwali ya chakula ya Wizara ya Kilimo ya Marekani yanatupa picha hii kwa makadirio:

Nishati: maharage kilokalori 333, binzari 375.
Protini: maharage gramu 24, binzari gramu 18.
Madini ya chuma: maharage miligramu 8, binzari miligramu 66.
Kalsiamu: maharage miligramu 140, binzari miligramu 930.
Folati (moja ya vitamini B, nayo inahitajika kutengeneza damu): maharage mikrogramu 390, binzari mikrogramu 10.

Kwa chuma na kalsiamu binzari imeshinda kwa mbali. Kwa protini na folati maharage yako mbele. Ukiishia hapo utasema mechi imeisha sare, au hata binzari imechukua kombe. Lakini ngoja kwanza.

MTEGO UKO WAPI?

Mtego uko kwenye maneno matatu: "katika gramu 100".

Wataalamu hutumia gramu 100 ili vyakula vyote vipimwe kwa mizani moja. Ni kipimo kizuri cha maabara. Lakini wewe huli maabara, unakula kwenye sahani. Jiulize: ni lini umekula gramu 100 za binzari? Kijiko kimoja cha chai cha binzari kina uzito wa gramu 2 hivi. Kwa hiyo gramu 100 ni kama vijiko 50. Hakuna pilau inayowekwa vijiko 50 kwa mtu mmoja, na kama ingekuwepo hakuna ambaye angeimeza.

Mtego wa pili ni maji. Viungo vikavu vimeshakaushwa, maji karibu yote yametoka, kilichobaki kimejibana. Maharage yakipikwa yanakunywa maji mpaka yanavimba. Theluthi mbili hivi ya uzito wa maharage yaliyopikwa ni maji. Ndiyo maana gramu 100 za maharage yaliyoiva zina chuma kama miligramu 2 au 3 tu. Mtu akitaka kukudanganya, atachukua unga mkavu na kuulinganisha na maharage yaliyoiva, halafu atakuambia unga wake una chuma mara 25 ya maharage. Hajasema uongo wa namba, lakini amelinganisha vitu visivyolingana. Ni kama kulinganisha dagaa wakavu na samaki aliyetoka ziwani sasa hivi.

HESABU YA SUFURIA

Sasa tufanye hesabu ya nyumbani. Sufuria moja ya maharage, walaji watano. Mpishi ameweka kijiko kimoja cha chai cha binzari.

Binzari gramu 2 ina chuma miligramu 1.3 hivi. Gawa kwa watu watano: kila mmoja anapata kama miligramu 0.3. Protini ya kijiko hicho haifiki hata nusu gramu kwa sufuria nzima.

Upande wa maharage, kila mtu akipata gramu 200 za maharage yaliyoiva (hiyo ni kama kikombe kimoja kilichojaa, sawa na gramu 80 za maharage makavu), anapata protini gramu 17, na chuma kama miligramu 4 hadi 5.

Umeona? Kwenye jedwali binzari ilishinda mara nane. Kwenye sahani maharage yameshinda zaidi ya mara kumi. Ili mtu mmoja apate miligramu 4 za chuma kutoka kwenye binzari peke yake, angehitaji vijiko vitatu vya chai kwenye mlo mmoja. Ili apate protini ya sahani moja ya maharage, angehitaji karibu vijiko 50.

Kwa hiyo kanuni ni rahisi, iandike kwenye daftari: usiulize tu kitu kina nini, uliza unakila kiasi gani.

Kanuni hii siyo ya binzari tu. Mtu anapokuuzia unga wa majani fulani au mizizi fulani kwenye kipakiti, akakuambia unashinda nyama na maziwa, muulize: kijiko kimoja kina gramu ngapi? Nitakula vijiko vingapi? Jibu lake litakuokolea pesa.

KULA NI KITU KIMOJA, KUINGIA KWENYE DAMU NI KINGINE

Hapa wengi huachwa njiani. Chuma unachokila hakiingii chote mwilini. Chuma cha kwenye nyama, maini na samaki huingia kwa urahisi zaidi. Chuma cha kwenye mimea, iwe maharage au binzari, huingia kwa shida. Mara nyingi katika kila sehemu 100 ulizokula, mwili huchukua chini ya 10.

Sababu mojawapo ni kitu kinachoitwa fitati, kilichomo kwenye mbegu nyingi, maharage yakiwemo, na pia kwenye mahindi. Fitati hukishika chuma tumboni na kukizuia kisipite. Sababu nyingine ni chai na kahawa. Ile chai ya rangi unayoshushia ugali maharage ina vitu vinavyokamata chuma kabla hakijaingia kwenye damu.

Habari njema ni kwamba kuna funguo za kufungua mlango huo, na siyo za bei. Ufunguo wa kwanza ni vitamini C. Kula pera, chungwa, embe au papai pamoja na mlo huo huo, au kamulia limao kwenye mboga. Pera ni bingwa hapa, lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Ufunguo wa pili ni nyama au samaki, hata kidogo. Dagaa wachache kwenye sahani husaidia chuma cha maharage kuingia. Ufunguo wa tatu ni kuloweka maharage, kwa sababu kuloweka na kupika vizuri hupunguza sehemu ya fitati.

WANACHUO WA RWANDA

Je, kuna ushahidi kwamba maharage yanaongeza damu kweli? Upo. Mwaka 2013 huko Huye, Rwanda, watafiti walifanya jaribio na wanafunzi wa kike wa chuo kikuu 195 wenye umri wa miaka 18 hadi 27. Wote walikuwa na akiba ndogo ya chuma mwilini. Waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipikiwa maharage ya kawaida, yenye chuma kama miligramu 5 katika gramu 100 kavu. Kundi la pili lilipikiwa maharage ya mbegu iliyochaguliwa na wakulima wataalamu kwa kuwa na chuma kingi, miligramu 8.6 hivi. Walikula hivyo kwa siku 128.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Waliokula maharage yenye chuma kingi himoglobini yao ilipanda zaidi, na akiba yao ya chuma pia. Hawakunywa dawa ya kuongeza damu wala unga wa ajabu. Ni maharage, kila siku, kwa miezi minne.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza, maharage hayafanani. Mbegu na udongo vinaleta tofauti. La pili, chakula kinajenga damu polepole. Anayekuahidi damu itajaa kwa wiki moja kwa kijiko cha unga, mwangalie vizuri.

VIDONGE VYA MCHUZI JE?

Binzari halisi haina madhara kwenye chakula. Lakini siku hizi "kiungo" kwa wengi ni kile kidonge au unga wa mchuzi wa dukani. Hicho siyo binzari. Sehemu kubwa yake ni chumvi, mara nyingi nusu ya uzito wake au zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja cha chai, ukihesabu ya jikoni, ya kwenye mkate na ya kwenye kachori. Vidonge viwili kwenye sufuria, na chumvi juu yake, vinakupeleka huko haraka. Shinikizo la damu halianzi uzeeni, linapikwa taratibu tangu ujana.

Ukitumia kidonge, basi usiongeze chumvi nyingine. Na soma maandishi kwenye pakiti. Kitu kilichoandikwa cha kwanza ndicho kilichomo kwa wingi.

BASI BINZARI HAINA KAZI?

Inayo, tena kubwa. Binzari, kitunguu saumu, tangawizi, nyanya na nazi vinafanya maharage yaliwe kwa hamu, hata chumvi ikiwa kidogo. Wengi wetu tumeyachoka maharage kwa sababu shuleni huchemshwa na kutiwa chumvi tu, basi. Tunayaita chakula cha shida. Lakini chakula hicho cha shida ukikichanganya na ugali, protini inakamilika: kinachopungua kwenye mahindi kipo kwenye maharage, na kinachopungua kwenye maharage kipo kwenye mahindi. Bibi zetu hawakusoma kemia, ila makande wameyapika miaka mingi.

Kwa hiyo binzari na maharage siyo wapinzani. Maharage ndiyo chakula, binzari ni mwito wa kukila.

JINSI YA KUPIKA UFAIDI

1. Chambua, osha, loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo. Kuloweka pia kunaokoa mkaa na kupunguza gesi tumboni.
2. Chemsha kwa maji mapya mpaka yaive kabisa. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha. Kuchemka sawasawa huimaliza. Usile maharage magumu kwa haraka ya kengele.
3. Punguza magadi. Yanaivisha haraka, lakini yanaharibu sehemu ya vitamini B1.
4. Weka binzari na viungo vingine kwa ladha unayopenda, chumvi kidogo mwishoni.
5. Kula na mchicha au matembele, na tunda.
6. Chai na kahawa zisubiri, angalau saa moja baada ya kula.

MASWALI MNAYOULIZA

Maharage yananijaza gesi, niache?
Usiache. Kuna aina ya sukari kwenye maharage ambayo tumbo halimeng'enyi; bakteria wa utumbo mkubwa ndio wanaoila na kutoa gesi. Loweka, mwaga maji, anza kwa kiasi kidogo, ongeza taratibu. Tumbo huzoea.

Nina hamu ya kula udongo. Inahusiana na damu?
Inaweza kuhusiana. Hamu ya udongo huonekana mara nyingi kwa watu waliopungukiwa chuma. Ila udongo hauponyi. Unaweza kuzuia chuma kisiingie mwilini, na unaweza kukuletea mayai ya minyoo. Usione aibu, nenda ukapime.

Nikila maharage kila siku, sihitaji vidonge vya chuma?
Inategemea. Chakula kinalinda na kujenga polepole. Aliyekwisha kupungukiwa sana, au mjamzito, huhitaji zaidi ya chakula. Hilo huamuliwa baada ya vipimo. Usimeze vidonge vya rafiki yako, kwa sababu upungufu wa damu una sababu nyingi. Mwenye selimundu, kwa mfano, hatibiwi kwa kumeza chuma ovyo.

USIKAE KIMYA

Nenda kituo cha afya kama unachoka kila siku bila sababu, unapata kizunguzungu, unahema kwa kazi ndogo, moyo unakwenda mbio, au viganja na sehemu ya ndani ya kope la chini vimepauka. Nenda pia kama hedhi yako ni nzito kuliko kawaida au inazidi siku saba. Sema wazi: naomba nipimwe wingi wa damu. Ni tone la damu tu kwenye kidole. Waulize pia kuhusu malaria na minyoo, maana ukijaza ndoo yenye tundu haitajaa.

Kama una mdogo wako wa kike anayeshinda anasinzia, usimcheke. Mpeleke.

CHEMSHA BONGO

Muuzaji anasema unga wake una chuma miligramu 40 katika gramu 100, "mara tano ya maharage!" Kijiko kimoja kina gramu 3, naye anakushauri kijiko kimoja kwa siku. Utapata chuma kiasi gani? Na kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kitakupa kiasi gani?

Jibu: unga utakupa miligramu 1.2. Maharage yatakupa 4 hadi 5, protini ikiwa juu yake.

Umepata? Basi mfundishe na jirani yako wa dawati. Halafu leo jioni, kabla ya kulala, loweka maharage.